Kifuniko Kati ya Meno

Hapo zamani za juzijuzi tu, palikuwa na nchi iliyoitwa Rahatele, na wananchi wake walikuwa na raha tele kwa mujibu wa sheria. Usiniulize iko wapi. Serikali iliipiga picha ramani yake ili wageni waione, na picha ikatoka nyeusi tii. Kwa nini ilitoka nyeusi ndiyo hadithi yenyewe, kaa nikusimulie.

Katika mji mkuu wa nchi hiyo, nyuma ya soko la nafaka, aliishi mpiga picha mmoja jina lake Mwatime binti Chizuga. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye mikono ya haraka na maneno machache. Usidhani maneno yake yalikuwa machache kwa sababu ya upole, maana hasira alikuwa nazo za kutosha kugawia mtaa mzima. Yalikuwa machache kwa sababu ya kifuniko.

Kila aliyewahi kushika kamera anakijua kifuniko cha lenzi. Ni kitu kidogo, cheusi, cha mviringo, na kazi yake kubwa hapa duniani ni kupotea. Ukikiweka mfukoni, mfuko umetoboka. Ukikiweka mezani, watoto wamekifanya gurudumu la gari. Kwenye harusi wapiga picha wengi humpa shangazi wa bibi harusi akishike, na shangazi akianza kucheza ngoma, kwaheri kifuniko. Mzee Chizuga, baba yake Mwatime, ndiye aliyemfundisha mwanawe kukiweka kati ya meno. "Ukikiuma, utajua kilipo," alimwambia. Basi tangu usichana wake Mwatime alipiga picha akiwa ameuma kifuniko, na hakuwahi kupoteza hata kimoja.

Mji mzima ukaizoea tabia hiyo. Wapiga picha wengine walihangaika kupiga kelele, tulia, cheka, tazama huku. Mwatime hakusema kitu. Alivua kifuniko, akakiuma, na hapo hapo kila mtu akajua wakati umefika. Wanaume walivuta matumbo ndani, akina mama wakanyoosha shingo na kurekebisha vilemba, watoto wachanga wakanyamaza. Ilikuwa kama adhana. Hukuhitaji kuambiwa ufanye nini.

Mzee Chizuga alipofariki, alimwachia Mwatime vitu viwili: kamera, na mdogo wake wa kiume aitwaye Shebughe, ambaye alikuwa bado hajaota meno ya utu uzima. Mwatime alimlea kwa kamera hiyo. Shebughe akakua, akawa fundi miavuli, akafungua kigenge chake kwenye baraza ya studio ya dada yake. Alikuwa mtu mwoga kidogo, mpole sana, mwenye masikio makubwa yaliyochomoza kama vishikio vya sufuria. Yalikuwa masikio ya baba yao. Mwatime hakuwahi kumwambia hivyo, lakini kila asubuhi alipomwona amekaa barazani anashona mwavuli, moyo wake ulitulia kwa sababu ya masikio yale.

*

Matatizo yalianza siku Mtukufu Baba Mlezi Fumbwe Mangurumo, Rais wa Rahatele, alipokwenda kijijini kuzindua bomba la maji. Bomba lilifunguliwa, maji yakatoka, akina mama wakapiga vigelegele. Kwa bahati mbaya mpiga picha wa Ikulu akapoteza kifuniko cha lenzi. Maskini, kwa kukosa cha kufunikia, akaendelea tu kupiga picha, hata akafika nyuma ya ukuta uliochomozwa bomba, akawapiga picha wanaume wanne waliokuwa juu ya ngazi wakimimina maji ya madumu ndani ya bomba.

Picha ile ilitoka gazetini. Mtukufu Rais alilia machozi. Watu wenye mioyo mibaya walisema analilia madumu, lakini yeye mwenyewe alieleza kwenye redio kwamba analilia kifuniko. Alisema taifa lisiloweza kutunza kifuniko kimoja haliwezi kutunza chochote, na kwa hiyo anaunda Wizara ya Vifuniko na Usalama wa Lenzi. Mpiga picha wa Ikulu alipelekwa machimbo ya chumvi, kwa maisha yake yote, akakitafute huko.

Waziri wa kwanza akawa Daktari Ngozwe Tindikali, mtu mrefu mwenye suti tatu na sauti ya kutosha kujaza kanisa. Alianza kazi kwa kishindo. Kila kifuniko kikasajiliwa na kupewa kamba yenye lakiri. Aliyetaka kuvua kifuniko alipaswa kuwa na kibali, shahidi wa kuume, shahidi wa kushoto, na Mbeba Kifuniko wa serikali, aliyekibeba juu ya mto wa mahameli na kutembea nyuma ya mpiga picha. Kwenye harusi za siku hizo Mbeba Kifuniko alishangiliwa kuliko bwana harusi, na ndivyo ilivyostahili, maana bwana harusi hakuwa mali ya umma.

Simu za mkononi zilileta utata. Simu haina kifuniko tangu kuzaliwa kwake. Wizara ilikaa kikao, ikaamua kwamba simu zote zimeshapoteza vifuniko vyake, zikachukuliwa na kuwekwa ghalani hadi vitakapopatikana.

Pamoja na jitihada zote hizo, siku moja Mbeba Kifuniko mmoja alichoka kusimama, akaukalia mto wake, na kifuniko hakikuonekana tena. Nchi ilitikisika. Daktari Tindikali akaitisha mkutano uwanjani, akapanda jukwaani, akasafisha koo.

"Ndugu wananchi!" alisema. "Wataalamu wetu wamefanya utafiti wa kina, ndani na nje ya nchi, hasa nje. Wamechunguza vifuniko vyote vilivyopotea tangu uhuru. Na wamegundua, ndugu wananchi, kwamba vyote vilikuwa na tabia moja. Vyote, bila kubakiza, vilikuwa vimevuliwa!"

Watu walipiga makofi, kwa kuwa askari walianza kupiga.

"Kuanzia leo," Waziri aliendelea, "picha zitapigwa kifuniko kikiwa mahali pake. Nani amesema ni lazima kivuliwe? Tumerithi tabia hii kwa wakoloni! Mzungu alivua, na sisi tukavua. Hatukujiuliza!"

Hivyo ndivyo Rahatele ilivyoshinda vita. Ubao mkubwa ukasimikwa uwanjani, umeandikwa VIFUNIKO VILIVYOPOTEA: HAKUNA. Wageni kutoka nchi za jirani walikuja kuutazama, wakaondoka wakitikisa vichwa kwa wivu.

*

Mambo yakawa mepesi. Gazeti la serikali lilichapa picha nyeusi ukurasa wa mbele, na chini yake maneno: "Mtukufu Rais (wa pili kutoka kushoto) akikagua shamba la mahindi lililostawi." Hospitali mpya zikaonekana kila wiki, nyeusi, kubwa, zenye vifaa vya kisasa. Palikuwa na shindano la picha bora ya mwaka, na mshindi alipata sifa kwa picha yake iitwayo "Asubuhi yenye Jua." Picha ya Mtukufu Rais ilitundikwa katika kila ofisi, nyeusi ndani ya fremu ya dhahabu. Karani mmoja alishtakiwa kwa kuitundika miguu juu. Alikiri kosa, kwani hakuwa na namna ya kukana.

Picha za zamani nazo zilikusanywa nyumba kwa nyumba, zikapakwa lami ili zilingane na mpya. Wizara iliita zoezi hilo usawa. Walipofika studio kwa Mwatime walichukua albamu zote, na walichukua picha ya Mzee Chizuga iliyokuwa juu ya mlango. Siku ya tatu waliirudisha, imekauka vizuri. Mwatime aliitundika pale pale. Shebughe, aliyekuwa anamjua dada yake, alihamisha mkasi wa kazi yake ukawa mbali na mkono wa dada.

Kazi ikaendelea, kwani tumbo halina habari na Wizara. Mwatime alipiga picha za pasipoti, nyeusi. Alipiga picha za wanafunzi waliomaliza darasa la saba, nyeusi, na kila mzazi akanunua nakala ya mtoto wake. Alipiga picha za harusi ya Koplo Bakunda wa kituo cha polisi cha pale sokoni. Koplo alikuwa kijana mkubwa wa mwili, amempata mke baada ya kuhangaika miaka, na siku ile alijitengeneza hadi kola ikamkaba. Wiki iliyofuata alikuja kuchukua picha. Aliitazama kwa muda mrefu.

"Bi. Mwatime," aliuliza taratibu, "mke wangu ni yupi hapa?"

"Mimi nimepiga kwa mujibu wa sheria, mwanangu."

"Najua. Nauliza tu. Mama yangu ni mgonjwa, hakuweza kuja. Nataka nimwonyeshe."

"Mwonyeshe kona unayoipenda," alijibu Mwatime, kisha akaona aibu kwa ukali wake, maana kijana alikuwa anaishika picha ile kwa vidole vya pembeni, kama watu wanavyoshika picha wasije wakaichafua.

*

Sasa, palitokea mwizi. Mtu asiyejulikana aling'oa kifuniko cha kamera ya Wizara mchana kweupe, mbele ya jengo lenyewe, akakimbia nacho. Ubao wa uwanjani haukubadilishwa. Daktari Tindikali alieleza kwamba kilichoibwa hakikupotea. Kiko mahali, ila mahali penyewe hapajulikani. Kamera ya ulinzi ya Wizara ilimpiga picha mwizi, sawasawa kabisa, na kifuniko chake kikiwa mahali pake, na picha hiyo ikabandikwa kila nguzo ya umeme: mraba mweusi, na juu yake neno ANATAFUTWA.

Koplo Bakunda alipewa picha na amri ya kurudi na mtu. Alizunguka soko siku nzima. Jioni akapita barazani kwa Mwatime, akasimama mbele ya Shebughe. Alimtazama Shebughe, akaitazama picha. Hawakufanana. Akamtazama tena. Kisha akakumbuka amri ya bosi wake, akafumba macho, na alipofumba macho tu, Shebughe akafanana na picha barabara.

"Samahani, kaka," alisema Koplo, akatoa pingu.

Mwatime alikuwa ndani chumbani. Alipotoka alikuta mwavuli umelala barazani, na sindano inaning'inia kwenye uzi.

Kesho yake alikwenda Wizarani. Alipita dirisha la kwanza, akaelekezwa la pili, la pili likamrudisha la kwanza. Mwishowe alimpata karani aliyekuwa anakunywa chai chini ya picha nyeusi ya Mtukufu.

"Mdogo wangu amekamatwa kimakosa," Mwatime alisema. "Siye mnayemtafuta."

"Una picha yake?"

"Mwenyewe mnaye, mmemfungia. Kamtazameni."

Karani alitabasamu kwa huruma. "Mama yangu, mtu si ushahidi. Mtu hubadilika. Leo amenyoa, kesho amefuga. Mahakama inaamini picha tu. Lete picha yake inayoonyesha kwamba hafanani na hii, tumwachie hata leo."

"Mmezipaka lami zote!"

"Basi piga nyingine," alisema karani. "Kwa mujibu wa sheria lakini."

Mwatime akamaliza chai ya karani kwa mkupuo mmoja, akaweka kikombe, akaondoka.

Rumande alimkuta Shebughe amekonda. Alikuwa amekaa mkao wa ajabu, amejikunja, kama mtu anayejaribu kuchukua nafasi ndogo.

"Dada, usihangaike," alisema. "Wameniambia nikikubali kwamba nafanana nayo, mambo yataisha haraka."

"Yataishia wapi?"

"Machimbo ya chumvi."

"Kwa muda gani?"

Shebughe aliyashika masikio yake, kama alivyofanya utotoni akiogopa radi. "Na mimi naanza kufanana nayo kweli, dada. Juzi nilijitazama kwenye sufuria ya uji, nikaona giza tu."

Hapo Mwatime alishikwa na uchungu, kisha uchungu ukageuka ukawa kitu kingine, kigumu zaidi, kikakaa kifuani mwake kama mtu aliyefika kwake.

"Nisikilize, Shebughe. Nimekulea kwa kamera. Sikukulea ili uwe doa. Siku ya kesi uoge, uchane nywele, na ukae wima. Umenisikia? Wima."

"Nikae wima nifanye nini?"

"We kaa wima tu."

*

Kesi ilivuta watu wengi. Ilikuwa mara ya kwanza mwizi wa kifuniko kufikishwa mbele ya sheria, na Daktari Tindikali mwenyewe alikuja akiwa na suti yake ya pili, ile ya sherehe. Tukio kubwa kama hilo lilihitaji picha rasmi. Mpiga picha aliyesajiliwa upande ule wa mji alikuwa mmoja tu. Basi Wizara ikamwita Mwatime aje na kamera yake, ile ya kisasa yenye kioo nyuma cha kuonyesha picha, akakae pembeni, na kifuniko chake kikakaguliwa mlangoni. Mkaguzi aliona alama za meno pembezoni.

"Nani ameuma mali ya umma?"

"Panya," alisema Mwatime, akapita.

Hakimu Kisebengo alikuwa mzee mwenye wigi lililokuwa zee kumzidi. Aliagiza picha ya mwizi iletwe, ikasimamishwa kando ya Shebughe. Shebughe alikuwa ameoga na kuchana nywele. Alikaa wima.

"Ili ulinganisho uwe wa haki," alisema Hakimu, "mshtakiwa na picha vionekane katika mwanga ulio sawa. Zimeni taa. Fungeni mapazia."

Taa zilizimwa, mapazia yakafungwa. Ukumbi ukawa giza totoro.

"Je," ilisikika sauti ya Hakimu, "kuna anayeona tofauti yoyote?"

Hakuna aliyeona.

"Basi imethibitika. Washeni."

Taa ziliwaka. Hakimu akachukua kalamu aandike hukumu, na Waziri akainua mkono kumzuia. "Mheshimiwa, kabla hujasaini, tupate picha ya kumbukumbu. Vizazi vijavyo vije vione." Akageuka pembeni. "Mama, piga."

Mwatime alisimama, akaja mbele, katikati ya ukumbi. Hakutetemeka. Baadaye watu walisema walimwona akitetemeka, lakini wale walikaa nyuma. Alishika kamba ya kifuniko, akaivuta, na lakiri ya serikali ikakatika kwa sauti ndogo. Alivua kifuniko, akakiweka kati ya meno yake, akakiuma.

Palikuwa na askari sita ukumbini, na kazi yao ilikuwa kumrukia mtu yeyote afanyaye hivyo. Lakini askari wale walizaliwa mji ule. Walipigwa picha na Mwatime wakiwa na meno mawili mdomoni. Walipigwa picha naye siku ya ubatizo, siku ya jando, siku ya kwanza ya shule. Walipoona kifuniko kati ya meno ya Mwatime, mikono yao ilifanya yale iliyoyazoea: ilirekebisha kofia. Matumbo yaliingia ndani. Akina mama kwenye viti vya nyuma walinyoosha shingo na kugusa vilemba. Mtoto aliyekuwa analia alinyamaza. Hakimu Kisebengo aliweka wigi lake sawa, akaegemea kiti upande ule ambao aliambiwa ujanani kwamba unampendeza. Koplo Bakunda, mlangoni, alijikaza hadi kola ikamkaba. Na Daktari Ngozwe Tindikali, Waziri wa Vifuniko na Usalama wa Lenzi, alifunga kifungo cha koti, akainua kidevu, akaweka mkono mmoja mfukoni na kutabasamu.

Kizimbani, Shebughe alimtazama dada yake moja kwa moja. Masikio yake yalichomoza yote mawili.

Mwatime akabonyeza.

Waziri akauliza, "Sikufumba macho?"

Ndipo akakumbuka yeye ni nani.

"Mkamateni!" alipiga kelele. "Amevua! Amevua hadharani! Leteni hiyo kamera!"

Lakini Mwatime alikuwa ameshaifikisha kamera mezani kwa Hakimu, kioo cha nyuma kikiwa kimewaka. Hakimu aliinama kutazama. Alikaa ameinama muda mrefu. Alikuwa hajajiona kwenye picha tangu lami, na hakujua kama amezeeka kiasi kile, wala kwamba amefanana na marehemu mama yake. Alitoa leso.

Mwatime alitoa kifuniko mdomoni apate kusema.

"Mheshimiwa Hakimu. Nimeambiwa Wizarani kwamba mtu si ushahidi, ushahidi ni picha. Nimekubali. Picha ya mdogo wangu hiyo hapo, imepigwa leo, mbele yako, na wewe mwenyewe umo. Picha ya mnayemtafuta ile pale kando yake. Zilinganishe. Na taa zikiwa zimewaka, tafadhali."

Hakimu alitazama kioo. Akatazama mraba mweusi. Akatazama kioo tena.

"Huyu ana masikio," alisema hatimaye.

"Mheshimiwa!" alisema Waziri.

"Yule hana masikio, Mheshimiwa Waziri. Nimetafuta, sioni. Mahakama haiwezi kumhukumu mtu mwenye masikio kwa kosa la mtu asiye nayo. Mshtakiwa aachiwe."

Waziri aliiwahi kamera. Aliishika kwa mikono yote miwili aiinue aipige chini, na akiwa ameiinua macho yake yaliangukia kioo. Ilikuwa picha nzuri mno. Kidevu kilikaa pazuri, suti ilikaa pazuri, na tabasamu lilikuwa la mtu mwema. Aliduwaa. Katika kuduwaa kwake askari mmoja akaomba aione kidogo tu, kisha wa pili akaomba, na kamera ikaanza kupita mkono kwa mkono, mimi hapa, we mwone shangazi, jamani nimekuwa mnene, ikapita viti vya mbele, ikapita viti vya nyuma, ikatoka mlangoni. Ukumbini haikurudi tena.

"Basi lete kifuniko," alisema Waziri. Sauti ya kanisa ilikuwa imepungua. "Kifuniko kiko wapi?"

Mwatime alikuwa amekishika mkononi. Alimtazama Shebughe, akatazama dirisha lililokuwa wazi nyuma ya Waziri, kisha mbele ya macho ya wote akakirusha. Kilipita juu ya bega la Waziri, kikatoka nje, kikaangukia huko kwenye nyasi na matope.

"Kimepotea, Mheshimiwa," alisema. "Na sikitafuti."

*

Walimfunga pingu. Mtu hawezi kupoteza kifuniko Rahatele hivi hivi, ubao wa uwanjani unafahamika. Shebughe alitaka kumfuata, akisema maneno mengi kwa mpigo, na Mwatime akamwambia aende akamalizie mwavuli wa watu.

Kituoni alikalishwa kwenye stuli mbele ya ukuta. Jalada lilihitaji picha ya mshtakiwa. Koplo Bakunda alichukua kamera ya kituo, yenye kamba na lakiri na kifuniko chake mahali pake, akaja kusimama mbele yake. Nje mtaani palikuwa na kelele. Mtu alikuwa anacheka, na kitu kidogo, kama kifuniko, kiligonga bati la paa la kituo, kikabingirika, kikaanguka. Baada ya muda kikagonga kingine.

"Kaa vizuri, Bi. Mwatime," alisema Koplo kwa unyonge. "Nikupige picha, yaishe."

"Piga. Lakini sikiliza, mwanangu. Ukipiga hivyo, nitatoka mweusi, kama picha ya mwizi, kama picha ya Mtukufu, kama picha ya mke wako. Kesho nikikimbia mtamtafuta nani? Utafumba macho tena umkamate nani?" Aliinua mikono yenye pingu, akarekebisha kilemba chake. "Mkiitaka sura yangu, vua. Sura yangu siionei haya."

Koplo alisimama na kamera. Alimtazama Mwatime, akautazama mlango, na mlango ulikuwa umefungwa. Alifikiria picha iliyokuwa nyumbani kwake, ukutani juu ya kitanda cha mama yake, ambayo mama kila asubuhi huitazama na kuuliza mkwe wake ni yupi, naye humwonyesha kona ya kushoto.

Mkono wake ulikwenda kwenye kamba. Lakiri ilikatika. Alikitoa kifuniko, kisha akabaki nacho, hajui akiweke wapi. Mfuko wa shati ulikuwa na filimbi, mezani palikuwa na majalada, na mikono yote miwili aliihitaji kwa kamera. Alihangaika kidogo.

Kisha akakiuma.

Na Mwatime binti Chizuga, mshtakiwa, akanyoosha shingo na kuinua kidevu.